Nesi Keti na Mkwe Aliyekataa Kiti

Mtu akifa katika idara ile ya dharura, ndugu zake hawaambiwi wakiwa wamesimama. Hiyo si sheria ya wizara wala ya mganga mkuu. Aliitunga muuguzi mmoja, mwanamke, siku alipomweleza mchinja nyama mmoja, pande la mtu, kwamba baba yake hatunaye tena. Mchinja nyama alisema "sawa, ahsante" kwa adabu zake zote, kisha akaanguka kama gunia juu ya toroli la dawa. Akavunja meno yake mawili na kidole kimoja cha mguu cha muuguzi. Asubuhi ile waliianza na maiti mmoja, wakaimaliza na maiti yule yule na majeruhi wawili. Muuguzi akakata kauli palepale, mguu wake ukiwa ndani ya ndoo ya barafu: kwanza keti, habari baadaye.

Miaka kumi na tisa amekuwa akilisema neno hilo. Analisema taratibu, mkono begani, sauti imeshuka: "Keti, mama. Keti, kaka yangu." Na madaktari nao, jamani, watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, ikifika saa ya kuwakabili ndugu wa marehemu wote wanakumbuka wana simu ya kupiga. "Nesi, wewe una mkono wa jambo hili," wanamwambia, wakitokomea kwenye korido. Basi kazi yote ikamwangukia yeye, na jina likamwangukia pia. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mganga mkuu, inamwita Nesi Keti.

Sasa mji ule una hospitali kubwa moja tu, na maneno yana miguu. Haikuchukua muda watu wakajua maana ya kuketishwa. Ungeingia chumba cha kusubiri siku yoyote ungeshangaa: mabenchi manane yamejipanga matupu, yanang'aa, na watu arobaini wamesimama kandokando ya ukuta kama wanapigwa picha ya shule. Mwenye mguu uliovimba anasimama kwa mguu mmoja. Bibi kizee anaegemea mkongojo na kuapa kwamba hajachoka hata kidogo. Mwenye furaha hapo ni mfagiaji peke yake, maana mabenchi hayachafuki. Siku moja Nesi Keti alimwambia mzee mmoja aketi ili ampime presha, mzee akaanza kugawa urithi. Baiskeli alishampa mpwa wake, akawa anaingia kwenye mbuzi, ndipo akakumbuka kusema, "Lakini nesi, mimi nimekuja na jipu tu."

Hata mtaani hapumui. Dukani alimwonea huruma dada mmoja mjamzito kwenye foleni, akamsogezea kreti la soda, akamwambia, "Keti hapa, mpenzi." Yule dada akatua nyanya zake chini, akaanza kumlilia mumewe. Mumewe alikuwa nje anatafuta pa kuegesha gari. Alipoingia na funguo mkononi alikuta watu wanampa pole mkewe, naye akaanza kulia kabla hajauliza aliyekufa ni nani.

Waliowahi kuketishwa naye wakikutana naye njiani, kwa kawaida huvuka upande wa pili. Wachache humsimamisha na kumuuliza, "Unanikumbuka?" Jibu lake liko tayari siku zote, amelishika mkononi kama ufunguo: "Ni wengi, mpenzi. Nisamehe, sikumbuki."

Uongo mtupu. Aliwakumbuka wote. Alikumbuka nani alivaa nini, nani alicheka badala ya kulia, nani aliuliza kama anaweza kurudisha dawa alizonunua asubuhi. Walikuwa wakimjia akiosha vyombo, mmoja mmoja, na yeye anaongeza maji ya bomba ili kelele ziwafukuze.

Na kulikuwa na jambo jingine, la ndani ya nyumba, ambalo majirani hawakulijua. Nesi Keti mwenyewe haketi. Anakula amesimama kwenye sinki. Taarifa ya habari anaitazama ameshika fremu ya mlango. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole mwenye utani wa chini kwa chini, alishasalimu amri zamani. "Wenzangu wameoa wake," huwa anasema, "mimi nimeoa mlingoti." Ukimuuliza mwenyewe atakwambia akikaa atasinzia. Si kweli. Aliogopa. Alijua kwamba siku atakayoketi, wote wale watamjia kwa pamoja, na hana uhakika kama atainuka.

Basi hapo ndipo binti yao, wa pekee, akaja na habari ya mchumba.

Kijana ni mpima ardhi, mtulivu, viatu safi. Alishafika nyumbani mara tatu na kila mara aliondoka baada ya kumsaidia baba mtu kubeba friji. Hakuna aliyekuwa na neno naye. Ila sasa mama yake alikuwa anakuja kuiona nyumba, Jumamosi saa kumi, akiwa na kaka yake, yaani mjomba wa kijana. Huyo mama ni mjane, kamlea kijana peke yake, na kijana alishasema wazi kwamba mama akikunja uso, mambo yamekwisha.

"Mama," binti alisema Ijumaa, akimfuata mama yake kutoka sinki mpaka jiko, "nina ombi moja tu."

"Sema."

"Usiwaambie waketi."

Nesi Keti aligeuka na mwiko mkononi. "Sasa wageni niwaambie nini? Wapige mbizi?"

"Mwache baba awakaribishe. Wewe ukisema lile neno, mama, nywele zinasimama. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuja hapa kuzisifia maksi zangu, ukamwambia aketi, akaniangalia akaniambia nijikaze."

"Yule mwalimu alikuwa mwoga tu."

"Mama. Nampenda huyu mtu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na ndiyo maana ilimwingia mama yake. Nesi Keti akarudisha mwiko kwenye sufuria. "Sawa," akasema. "Sitatamka."

Jumamosi fundi wa mafriji aliamka na mazoezi. Alisimama mlangoni akikaribisha viti vitupu. "Karibuni sana, jisikieni mko nyumbani." Alitoa vyuma vyake vyote sebuleni, isipokuwa friji dogo la mteja ambalo lilikataa kutoka kwa sababu lilishamuumiza mgongo. Akalifunika kitambaa chenye maua, akaweka juu yake chombo cha karanga, likawa meza. Mashine yake ya friji, ile ya mviringo inayopitisha gesi, aliificha jikoni juu ya kigoda.

Saa kumi na dakika tano wageni wakabisha hodi. Kijana mbele, koti limempwaya kidogo. Nyuma yake mjomba, mzee mnene mwenye magoti mabovu, ambaye hata kabla ya kusalimia jicho lake lilishachagua kochi. Halafu akaingia mama wa kijana, mwembamba, kitenge kimepigwa pasi mpaka kina makali.

Akamwona Nesi Keti, akasimama.

Nesi Keti naye akamwona. Macho yake yalikwenda moja kwa moja miguuni mwa mgeni, kwenye viatu, kisha yakapanda tena usoni. Mji mzima una wanawake maelfu wenye watoto wa kiume, na binti yake alikuwa amemwendea mwana wa huyu.

"Karibuni sana, jisikieni mko nyumbani," alisema baba wa binti, kwa sauti ile ile ya mazoezini, hana hili wala lile. "Viti ndivyo hivi."

"Mimi nitasimama," alisema mama wa kijana.

Mjomba alikuwa ameshafika nusu ya safari. Makalio yalikuwa yamebakiza shubiri moja kulifikia kochi. Akamtazama dada yake, akamtazama tena kuhakikisha, kisha akajikusanya akapanda juu, magoti yakilia kila hatua. Mkuu wa msafara amesimama, yeye ni nani aketi? Kijana naye akasimama. Binti, aliyekuwa anatoka na trei, akasimama. Baba wa binti akaona yeye peke yake ndiye amekaa, akainuka haraka kama amekalia pini.

Na mazungumzo yakaanza hivyo hivyo, kwa miguu. Mjomba alitoa hotuba ya kuzitambulisha pande mbili huku amelishika kabati. Chai ikanywewa kwa wima. Kijana alikuwa na kikombe mkono wa kulia, sahani mkono wa kushoto, na biskuti mdomoni, hana mkono wa kuitoa wala nafasi ya kuitafuna, akawa anaitikia kwa nyusi. Baba wa binti alijaribu kuwachangamsha kwa habari za mafriji. Akaeleza jinsi gesi inavyozunguka. Akaeleza tena. Hakuna aliyecheka penye kuchekesha, na mama wa kijana hakuonja chai. Alishika kikombe mpaka kikapoa.

Binti alimtazama mama yake, na midomo yake ikauliza bila sauti: umesema? Nesi Keti akatikisa kichwa. Hakusema. Lakini alijua kwamba alisema, miaka saba iliyopita, na kwamba mwanawe ndiye aliyekuwa anaadhibiwa leo.

"Maji ya moto yamepungua," alisema, akachukua birika lililojaa, akaingia jikoni.

Hakuwa hata amelitua aliposikia mlango ukirudishwa nyuma yake. Mama wa kijana alikuwa amemfuata.

"Unanikumbuka?" aliuliza.

Ufunguo ulikuwa hapo, mkononi. Ni wengi, mpenzi. Maneno matatu tu, na yule mama angerudi sebuleni, angeaga kwa adabu, na kijana angekunja koti lake akaondoka na maisha ya binti yake mfukoni. Au labda angesamehe, nani ajuaye. Nesi Keti alifungua mdomo kuyasema. Kupitia uwazi mdogo wa mlango akamwona binti akimpokea mpima ardhi kikombe, ili apate mkono wa kushika biskuti yake.

"Jumatano," alisema Nesi Keti. "Saa nne asubuhi. Ulikuja na viatu visivyofanana. Cha kulia cheusi, cha kushoto cha kahawia, na cha kahawia kilikuwa cha kiume."

Mama wa kijana akaegemea kabati la vyombo.

"Mumeo alikuwa mchora mabango. Alianguka na ngazi pale barabara kuu, akamwaga rangi ya kijani. Alikuwa na kijani mpaka masikioni. Kitanda namba tatu."

"Uliniketisha," alisema mama wa kijana. "Ukaniambia. Nikashika mkono wako nikataka kukuuliza neno, ukanivua vidole kimoja kimoja ukaenda zako. Nilikaa pale saa mbili na nusu mpaka kaka yangu alipofika. Mtu mmoja akaniuliza kama benchi lina mwenyewe. Nikaapa, mimi, kwamba yule mwanamke hataniketisha tena."

"Ndiyo."

"Ulikwenda wapi?"

Hili ndilo lililokuwa likimjia kwenye sinki kuliko yote. Nesi Keti akatua birika. Angeweza kusema mgonjwa mwingine alikuwa anakata roho, na mwenzake angeelewa, nani asingeelewa.

"Namba tano," alisema. "Mwanafunzi wa uuguzi alikuja mbio, akasema namba tano anakufa. Kelele zenyewe zilisikika mpaka getini. Nikakuacha, nikakimbia. Nikafika nikakuta baba mtu mzima, ana ndevu, amekwama kidole kwenye chupa ya soda."

Mama wa kijana akainua uso.

"Kwenye nini?"

"Chupa ya soda. Alikuwa anajaribu kutoa mrija. Nikamshughulikia, kwa sababu angenyamaza vipi? Halafu wakaniita namba mbili. Niliporudi kwenye benchi ulikuwa umeshaondoka. Miaka saba najiuliza ningekwambiaje kwamba nilikuacha kwa ajili ya chupa."

Mama wa kijana alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nesi Keti akajua kwamba ndio basi, ameuvunja uchumba wa mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, jikoni, bila hata kutamka lile neno.

"Kilitoka?" aliuliza yule mama, nyuma ya kiganja.

"Kwa sabuni."

Na hapo ndipo Nesi Keti alipoona kwamba anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimshuka, na katikati ya kicheko kile kilio kikapita, kikaondoka, kikarudi, mpaka usingeweza kuvitenganisha. "Chupa," alisema. "Na mimi nilikaa nimemchukia yeyote yule uliyemkimbilia, nikidhani ni waziri."

Alipotulia akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Nilitaka kukuuliza kuhusu suruali," alisema. "Walinipa mfuko wa vitu vyake. Suruali imekatikakatika kama matambara. Miaka saba najiuliza ni kitu gani kilimrarua mume wangu namna ile."

"Mkasi," alisema Nesi Keti. "Mkasi wangu. Tunakata ili tuuone mguu, kwa kila mtu. Hakuraruliwa. Na alikasirika sana. Akaniambia, 'Nesi, suruali hii mke wangu ameipiga pasi asubuhi ya leo, ina mstari kama reli. Mkiikata mtamweleza nyinyi, mimi simo.' Nikamwambia nitakueleza. Akasema, 'Mweleze vizuri, maana yule mama namjua.' Halafu akasinzia. Hakuzungumza tena."

Mama wa kijana akatazama chini, kwenye kitenge chake, akaupapasa mstari wa pasi kwa vidole viwili.

"Hukunieleza," alisema.

"Sikukueleza. Ndiyo nakueleza sasa. Niliikata mimi, na ilikuwa imepigwa pasi vizuri mno. Nisamehe."

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya fundi akieleza gesi inavyozunguka, safari ya tatu.

"Baada ya namba mbili ulifanya nini?" aliuliza mama wa kijana.

"Namba sita."

"Halafu?"

"Halafu nikaja nyumbani nikapika."

"Uliketi saa ngapi?"

Nesi Keti akageukia sinki, akafungua bomba. Mwenzake akanyoosha mkono, akalifunga. Kisha akakiendea kigoda, akaiinua ile mashine ya friji kwa mikono miwili, akaitua sakafuni, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Keti, mkwe," alisema.

Hakulisema kwa sauti ya chini. Alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake mlango uko wazi. Nesi Keti alitazama kigoda kile alichokinunua mwenyewe miaka kumi iliyopita na ambacho hajui hata kama kinayumba. Akaketi. Wakamjia, kama alivyojua, mchinja nyama na baba yake, mwenye dawa za kurudisha, aliyecheka, wote kwa pamoja, na akalia kwa sauti kubwa, mikono imelala mapajani, hata kujifuta hakujifuta. Mama wa kijana akamwekea mkono begani, na safari hii hakuna aliyekuja kuuvua.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Binti aliingia, kijana nyuma yake, biskuti bado mkononi.

Binti aliona machozi, lakini si hayo yaliyomkata maini. Machozi ni kitu cha kawaida. Aliona kigoda, akaona mama yake yuko juu yake.

"Mama," alisema, "mbona umeketi? Nani amekufa?"

Wale wanawake wawili wakatazamana.

"Hajafa mtu," alisema mama wa kijana. "Tunaongea habari za suruali. Mjomba wako amechoka?"

"Mjomba ameshakaa," alisema kijana, kwa aibu. "Amekalia friji, anasema friji si kiti."

"Amekivunja chombo cha karanga," alisema binti, lakini macho yake hayakubanduka kwa mama yake.

Nesi Keti akavuta kamasi. Alijaribu kuinuka, kwa mazoea, birika likiwa bado na kazi. Mkono uliokuwa begani mwake ukabaki pale pale.

"Maji nitachemsha mimi," alisema mkwe wake. "Wewe niambie huyo wa namba sita alikuwa nani."

Nesi Keti akapumua. "Alikuwa bibi mmoja," alisema, "alikuja na kuku wake kwapani, akakataa kulazwa bila yeye." Na binti akapindua ndoo, akaketi ili asikilize.